Jezi, Wapatanishi, Mtaji au Wito? Njia Nne za Kutumia Fedha za Wadi Kwa Vijana wa Magenge

Ukienda kwenye kikao cha bajeti ya wadi, una kama dakika tatu za kusema. Unapewa maikrofoni, mwandishi wa kikao anakutazama kalamu ikiwa juu, na nyuma yako kuna watu wamejipanga wanataka mtaro, taa za barabarani na dawa zahanati. Ukisema tu "vijana wasaidiwe," ataandika "uwezeshaji wa vijana," na mwaka wa fedha ukianza utaona jezi.

Sisi tuliziona. Seti kumi na sita, mipira, kombe, na mgeni rasmi aliyechelewa saa mbili. Winga wa kulia wa timu iliyochukua kombe alikuwa kijana wa miaka 16, mwepesi, mtu wa kukimbia na mpira kama umemganda mguuni. Wiki chache baada ya fainali alishikwa usiku na wenzake watatu, na panga lake alikuwa amelizungushia jezi ileile. Kikao kilichofuata mamake alisimama. Hakulia, hakumlaumu mtu. Alisema, "Mwanangu mpira anaujua. Hakuna aliyemuuliza kitu kingine," akaketi.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikifuatilia miji mingine ilitumia vipi fungu kama letu. Nimepata njia nne ambazo mji au kaunti inaweza kuzilipia, na nimezipanga hapa kwa ajili ya anayejiandaa kusimama mbele ya maikrofoni, awe Mombasa, Nairobi au Dar es Salaam. Sitakuambia ipi ni bora kwa kila mtu. Mtaa unaochinjana wiki hii na mtaa ambao watoto ndiyo kwanza wanaanza kujiita majina ya magenge haiwezi kuandikiwa dawa moja.

Maswali matano ya kuuliza kila njia

*Inamfikia nani?* Hili ndilo ninalolipa uzito mkubwa kuliko mengine yote. Boston, Marekani, walipohesabu katikati ya miaka ya 1990 walikuta magenge 61 yenye vijana wasiozidi 1,300, chini ya asilimia 1 ya vijana wa mji mzima. Hao wachache walihusishwa na angalau asilimia 60 ya mauaji ya vijana. Anayeishi mtaani kwetu hahitaji utafiti kulijua hili. Maskani inaweza kuwa na vijana thelathini wanaocheza bao na kutafuna miraa, na wanaotoka na panga usiku wakawa watano. Mradi unaowafikia wale ishirini na watano ni mradi mzuri, ila usiuite wa kuzuia magenge.

*Ushahidi wake ni upi?* Uwe wa kupimwa, wa kundi lililopata likilinganishwa na kundi lililokosa. Picha za mahafali hazihesabiki.

*Inagharimu nini?* Hasa ni mishahara ya nani, maana vifaa hununuliwa mara moja lakini mtu hula kila siku.

*Kaunti au halmashauri ina mamlaka nayo?* Kwa Kenya, Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liliiachia serikali kuu polisi. Kaunti ilipewa vyuo vya ufundi vya vijijini, michezo, afya ya msingi na hata udhibiti wa dawa za kulevya. Ukiomba kitu kilicho nje ya hapo utapigiwa makofi, na ombi litafia kwenye faili.

*Fedha zikikatika katikati, nani anaumia?* Mgao wa serikali kuu huchelewa miezi, uchaguzi hubadilisha wakubwa, mfadhili huhama. Ipo miradi ambayo ikisimama hakuna madhara, na ipo ambayo ikisimama ghafla inamwacha mtu uchi katikati ya maadui.

Njia ya kwanza: michezo, ufundi na kazi za likizo

Hii ndiyo tunayoijua. Ligi ya wadi, karakana ya kuchomea vyuma, kozi ya ususi, na mara nyingine kazi ya miezi miwili ya kufagia barabara na kuzibua mitaro.

*Inamfikia nani.* Anayejitokeza. Na anayejitokeza mara nyingi ni yule aliye na mzazi wa kumwambia nenda. Los Angeles waliumia hapa kwa miaka mingi, pesa zikienda kwa watoto wa mitaa maskini kwa jumla. Mwaka 2007 meya Antonio Villaraigosa aliifungua ofisi iitwayo GRYD, ya kupunguza magenge na kukuza vijana, chini yake mwenyewe ili kazi yote ya magenge isimamiwe mahali pamoja, na wakaweka dodoso kwa watoto wa miaka 10 hadi 15. Wanauliza kuhusu marafiki, mambo ya nyumbani, hasira, kosa alilokwisha kufanya. Asiyefikisha alama za hatari haingizwi kwenye mradi huo hata kama ni maskini, anaelekezwa kwingine. Mwanzoni nilidhani ni ukatili. Nikamkumbuka winga wetu, nikaona afadhali wao waliuliza.

*Ushahidi.* Kwa mashindano ya mpira yakiwa peke yake, sijaona cha kumwaminisha mhasibu. Kwa kazi za likizo upo, tena mzuri. Mwaka 2012 mji wa Chicago uliwachukua kwa bahati nasibu baadhi ya vijana 1,634 kutoka shule 13 za mitaa yenye vurugu, ukawapa kazi ya wiki nane, saa 25 kwa wiki, kwa dola 8.25 kwa saa. Miezi 16 baadaye, kukamatwa kwao kwa makosa ya nguvu kulikuwa chini kwa asilimia 43 kuliko waliokosa. Cha kushangaza ni kwamba sehemu kubwa ya nafuu ilikuja baada ya kazi kwisha, kwa hiyo huwezi kusema walikuwa tu hawana nafasi ya kugombana. Kila mmoja wao alikuwa na mtu mzima wa kumfuatilia kazini. Nadhani siri iko hapo, na sisi ndicho tunachokisahau.

*Gharama.* Unaijua mwenyewe. Kazi Mtaani ya 2020, mpango wa serikali ya Kenya wa kuwapa vijana kazi za usafi, ililipa shilingi 455 kwa siku katika awamu yake ya pili, siku 11 kwa mwezi, yaani kama shilingi 5,000 kwa kijana. Ongeza msimamizi na mafagio.

*Mamlaka.* Haina shida yoyote. Iko ndani ya kazi za kaunti.

*Fedha zikikatika.* Hakuna anayekufa. Uwanja unabaki, cherehani inabaki.

*Inafaa* mtaa ambao watoto bado wako chini ya miaka 15 na magenge ni majina ya ukutani zaidi kuliko damu. Inafaa pia mahali ambapo hakuna taasisi imara ya kusimamia kitu kigumu zaidi.

Njia ya pili: wapatanishi wa mtaani

Hapa mji unawaajiri watu ambao wenyewe walipitia genge na wakatoka, wenye heshima maskani, kazi yao ikiwa ni kukata fitina kabla haijawa kisasi. Fulani amepigwa Jumamosi, nduguye anakusanya watu Jumapili, mpatanishi anafika katikati.

Aliyelianzisha wazo hili Chicago mwaka 2000 ni daktari, Gary Slutkin. Alikuwa amefanya kazi na wakimbizi Somalia na baadaye na Shirika la Afya Duniani dhidi ya Ukimwi, Uganda ikiwemo. Aliporudi kwao akaona vurugu zinasambaa kama kipindupindu, mmoja anamwambukiza mwenzake. Na huku kwetu alikuwa ameona kwamba anayesikilizwa na watu ni mwenzao, kwa hiyo akamtuma mwenzao. Mradi uliitwa CeaseFire, tangu 2012 unaitwa Cure Violence. Basi ukisikia mtu anasema hili ni jambo la Wazungu, mwambie nusu ya wazo lilitoka upande huu.

*Inamfikia nani.* Walewale watano. Katika njia zote nne, hii na ya nne ndizo zinazogusa panga lenyewe. Mpatanishi ana namba zao za simu, anajua nani amegombana na nani juu ya msichana, juu ya simu ya wizi, juu ya ushuru wa stendi.

*Ushahidi.* Umegawanyika, na anayekuambia vingine anakuuzia. Chicago na New York kuna mitaa ambayo mashambulizi ya risasi yalipungua. Baltimore mtaa mmoja ulipata nafuu, mwingine haukupata. Pittsburgh walijenga mradi wa namna hiyo, na watafiti walipoupima hawakukuta mauaji yamepungua, na baadhi ya maeneo mashambulizi yalipanda. Karibu na sisi, mji wa Cape Town ulilipia mradi wa aina hii Hanover Park, mtaa unaojulikana kwa vita vya magenge. Ninachokiona ni kwamba njia hii inategemea watu kuliko karatasi. Ukipata wapatanishi sita wa kweli, umepata. Ukipata jamaa wa diwani sita, umewalipa watu kunywa chai.

*Gharama.* Mishahara, karibu yote. Tuseme wapatanishi wanane kwa shilingi 25,000 kwa mwezi. Hiyo ni 200,000 kwa mwezi na milioni 2.4 kwa mwaka kabla ya msimamizi, simu, nauli za usiku na bima. Bima usiifute. Huyu ni mtu anayeingia kati ya mapanga.

*Mamlaka.* Hapa ndipo pagumu kwa Kenya. Sheria ya Kuzuia Uhalifu wa Kupangwa ya 2010 inaufanya uanachama wa genge wenyewe kuwa kosa. Mtu aliyetoka juzi, ukimwandika kwenye orodha ya malipo ya serikali kwa sababu ya historia yake, umemweka mahali pabaya. Kisha kuna cheti cha tabia njema, ambacho huyo unayemtaka ndiye hasa asiyeweza kukipata kikiwa safi. Kwa kawaida njia hupatikana kwa kulipa kupitia shirika la jamii au la dini lenye mkataba na kaunti. Mkataba huo uandikwe na mwanasheria, usiandikwe na shauku.

Lingine ni polisi. Mpatanishi akionekana anapeleka taarifa kituoni amekwisha, mtaani na pengine duniani. Mwaka 2012 mji wa Chicago ulitoa dola milioni 1 kwa CeaseFire ukitaka ishirikiane na polisi. Mkataba ule haukuongezwa mwaka uliofuata.

*Fedha zikikatika.* Ni mbaya. Umemtoa mtu mbele, akijulikana na pande zote mbili, halafu mshahara unakosa miezi minne. Ana njaa, ana maadui, na anajua maskani zote. Katika jimbo la Illinois fedha zilikatwa mwaka 2015 na vituo vingi vikafungwa.

*Inafaa* mtaa wenye visasi vinavyoendelea sasa hivi kati ya makundi yanayojulikana, wenye taasisi inayoaminiwa na pande zote, na wenye fedha za miaka miwili zilizothibitishwa. Ukikosa kimoja, usianze.

Njia ya tatu: vikao vya tabia pamoja na mtaji

Nikiri mapema kwamba hii ndiyo iliyonibadilisha fikra, kwa hiyo nisome kwa tahadhari.

Zoezi moja linalofanywa Chicago kwenye mradi wa Becoming a Man ni hili. Vijana wanakaa wawili wawili. Mmoja anapewa mpira mdogo anaufumba kwenye ngumi. Mwenzake anaambiwa ana sekunde 30 kuupata. Chumba kinageuka uwanja wa mieleka, watu wanabanana vidole, wanavutana mashati. Muda ukiisha msimamizi anauliza kwa nini hakuna aliyesema tu, "Naomba mpira." Wengi wanajibu kuwa asingetoa, au angewaona dhaifu. Anamgeukia mwenye mpira: ungeombwa ungefanyaje? Naye mara nyingi husema angetoa, ni mpira tu.

Nilijaribu zoezi hili na vijana wanane kwenye baraza ya jirani yangu, kwa limau maana mpira hatukuwa nao. Limau lilipasuka. Swali lilipokuja kulikuwa na kimya ambacho sijawahi kukisikia kwenye semina yenye soda na posho.

*Inamfikia nani.* Inategemea unaanzia wapi. Chicago ni wanafunzi shuleni, kikao kimoja kwa wiki. Lakini mfano unaotufaa zaidi ni wa Monrovia, Liberia. Kati ya 2009 na 2011 wanaume 999 wenye historia ya wizi, madawa na vurugu, wengine wapiganaji wa zamani, walitafutwa mtaani mmoja mmoja. Baadhi wakawekwa kwenye vikundi vya watu kama ishirini, vikao vitatu kwa wiki kwa wiki nane, vikiongozwa na watu waliowahi kuishi maisha hayohayo. Walijifunza kumeza hasira, kupanga wiki, kunyoa na kuvaa vizuri, kisha wakapewa kazi ya nyumbani: ingia benki, ingia duka kubwa, zungumza na mhudumu kama mtu mwingine yeyote. Kwa kijana ambaye mlinzi humfukuza mlangoni, hilo ni jambo zito kuliko linavyosikika. Mwishoni, kwa kura, wengine walipewa dola 200 taslimu.

*Ushahidi.* Ndio wenye nguvu kuliko yote niliyoyataja. Mwaka mmoja baadaye, waliopata vikao pamoja na fedha walikuwa wamepunguza wizi na vurugu kwa karibu nusu. Watafiti walirudi baada ya miaka kumi, na tofauti ile bado ilikuwepo. Fedha peke yake haikudumu, na vikao peke yake vilififia. Na hofu yetu sote, kwamba watazinywea, haikutimia: nyingi zilikwenda kwenye biashara ndogo na mahitaji ya nyumbani. Biashara zenyewe hazikudumu sana. Kipato kilipanda kisha kikashuka, lakini mtu alikuwa amekwisha kujiona mtu. Kwa Becoming a Man, kukamatwa kwa makosa ya nguvu kulishuka karibu nusu vijana walipokuwa ndani ya mradi, kisha nafuu hiyo ikapungua walipotoka.

*Gharama.* Monrovia ilikuwa kama dola 530 kwa mtu, mtaji ukiwa ndani. Kwa shilingi 130 za Kenya kwa dola ni kama 69,000. Vijana mia moja, karibu milioni 7. Ni bei ya zaidi ya miaka kumi iliyopita, kwa hiyo ongeza.

*Mamlaka.* Nzuri. Vikao vinaingia kwenye afya au vijana, na havihitaji mtu kujitangaza kuwa ni wa genge fulani. Tatizo ni pale kwenye mtaji. Serikali hupenda kukopesha, tena vikundi. Tanzania halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utaratibu ulisimamishwa Aprili 2023 ili urekebishwe, kisha ukarejea. Ni jambo jema, lakini linataka kikundi kilichosajiliwa, katiba, akaunti na vitambulisho. Kijana wa Panya Road, yale magenge ya mapanga ya Dar es Salaam, hana hata kimoja, na pengine hata laini yake ya simu imesajiliwa kwa jina la dada yake. Ukiichagua njia hii, dai ruzuku ndogo ya mtu mmoja mmoja, na dai hatua ya kitambulisho iwe sehemu ya wiki ya kwanza.

*Fedha zikikatika.* Madhara ni ya wastani. Wiki nane ni muda mfupi, kwa hiyo unaweza kukataa kuanza kundi jipya mpaka fedha zote za kundi hilo ziwe benki. Kitu kimoja tu usikifanye: kuahidi mtaji halafu ukachelewa. Ukiwavunja imani hao, maskani nzima itajua kabla ya adhuhuri.

*Inafaa* vijana wa miaka 18 na kuendelea ambao wameanza kuchoka, wana mtoto au wamezika rafiki, na mtaa wenye viongozi wachache wenye subira ya kuendesha vikao. Haizimi moto wa wiki hii.

Njia ya nne: wito wa pamoja

Boston, 1996. Vijana wa magenge waliokuwa chini ya uangalizi wa mahakama waliitwa kwenye kikao. Mbele yao walikaa polisi, waendesha mashtaka, maafisa wa uangalizi, wachungaji na wafanyakazi wa mitaa. Ujumbe ulikuwa na pande mbili. Anayetaka kutoka, hawa hapa watu na huduma, leo hii. Genge litakaloua, lote litabanwa, mpaka kwenye faini ndogo. Na walitoa mfano: mtu mmoja mwenye rekodi ndefu alikuwa amefungwa karibu miaka 20 kwa kukutwa na risasi moja.

*Inamfikia nani.* Walengwa hasa, kwa majina.

*Ushahidi.* Boston ilikuwa na wastani wa vijana 44 wa miaka 24 na chini waliouawa kwa mwaka kati ya 1991 na 1995. Mwaka 1996 walikuwa 26, na 1997 walikuwa 15. Kisha mradi uliachwa karibu na mwaka 2000, na vifo vikaanza kupanda tena. Glasgow, Uskoti, walileta njia hii mwaka 2008 kwa vijana wa visu, wakiwaita ndani ya chumba cha mahakama. Walisikia polisi, lakini waliosemwa kuwagusa zaidi ni daktari aliyeeleza majeraha na mama aliyeeleza yaliyompata mwanawe.

*Gharama.* Kikao chenyewe ni rahisi. Gharama ni huduma zinazoahidiwa, maana kijana akipiga ile namba Jumatatu lazima mtu apokee.

*Mamlaka.* Kwa kaunti ya Kenya, karibu haina. Polisi na waendesha mashtaka ni wa serikali kuu. Sheria ya Huduma ya Polisi ya 2011 inataja Mamlaka ya Polisi ya Kaunti, gavana akiwa mwenyekiti, na hapo pana mlango mwembamba wa kuanzia. Ila nisizunguke: nusu ya pili ya wito ni "tutawabana kwa haki." Mahali ambapo vijana wamezoea kuona wenzao wakichukuliwa na wasirudi, ahadi hiyo inasikika vingine kabisa. Mama hatampeleka mwanawe kwenye ukumbi wenye maafisa kumi asiowajua, na mimi nisingemlaumu.

*Fedha zikikatika.* Huduma zikikauka, kinachobaki ni kitisho peke yake.

*Inafaa* mji ambao mkuu wa polisi, mahakama, viongozi wa dini na kaunti wanaweza kukaa meza moja kwa miaka, na wananchi wanaamini wakishikwa watafika mahakamani wakiwa hai.

Na ile ziara ya jela

Kila kikao hakosekani mzee wa kupendekeza watoto wapelekwe jela wakaone. Nia yake ni njema. Marekani walilipima jambo hili katika majaribio kadhaa, na walipoyajumlisha walikuta watoto waliopelekwa waliishia kuvunja sheria zaidi kuliko walioachwa nyumbani. Kwa hiyo hapa hakuna cha kulinganisha.

Wewe uko wapi kati ya hawa?

Mtaa wako umezika watu mwezi huu na kila mtu anajua ni kundi gani na kundi gani: usianze na karakana. Tafuta wapatanishi, lakini kwanza tafuta ni msikiti, kanisa au shirika gani pande zote mbili zinaweza kuingia bila kuangalia nyuma. Kama hakuna, anza na wazee wawili watatu na nauli yao, mradi mkubwa usubiri.

Magenge yako yametulia kidogo, na kuna vijana wa miaka ishirini na kitu wanaokufuata jioni wakisema "mzee, nifanyieni mpango": hao ndio wa vikao na mtaji. Waandike majina leo.

Tatizo lako ni watoto wa darasa la saba wanaochora majina ya magenge kwenye madaftari: kazi za likizo na ufundi, pamoja na dodoso la kuchuja, na mtu mzima mmoja kwa watoto wachache. Jezi zinaweza kuwemo. Jezi hazijawahi kuwa dhambi.

Una mkuu wa polisi anayeaminika, jambo ambalo hutokea: mpendekezee wito, lakini kitengo cha huduma kianze miezi mitatu kabla.

Fungu lako ni la mwaka mmoja na huna uhakika na wa pili: chukua kinachokwisha ndani ya mwaka. Makundi mawili ya vikao vya wiki nane yaliyolipwa kikamilifu yanashinda wapatanishi kumi wa miezi mitano.

Kwa Kenya, tarehe za kushika ni hizi. Waraka wa mikakati ya fedha wa kaunti huwasilishwa kwenye bunge la kaunti kufikia 28 Februari, makadirio ya bajeti 30 Aprili, na mwaka wa fedha huanza 1 Julai. Ukisubiri Juni umechelewa. Na ukishika maikrofoni, usiseme "vijana wasaidiwe." Mwambie mwandishi aandike neno kwa neno: vijana 60, wa miaka 18 hadi 25, watakaotajwa na wazee wa mtaa na waliowahi kushikwa, vikao vya wiki nane, ruzuku ya mtu mmoja mmoja, fedha zote ziwe benki kabla ya kundi kuanza. Msubiri amalize. Kisha mwombe akusomee alichoandika.